Impreza WRX GDA: pampu ya Walbro 255 itanifikisha hosipawa 300 au ndo napigwa?

Macho_Duara:
Wakuu habari za jioni, wajuzi wa Subaru naomba mnishike mkono kabla sijatoa hela. Gari ni Impreza WRX ya 2001, bodi ya GDA, injini EJ205, manyuo gia tano, kwa Mjapani ilikuwa farasi 250. Tabo yake (ile feni inayozungushwa na moshi na kusukuma hewa kwenye injini) ya TD04 ilianza kula oili nikaitoa nikafunga VF30 used iliyotoka kwenye STI, ile Impreza kali zaidi, na downpaipu (bomba la moshi linalotoka kwenye tabo) ya inchi tatu. Intakula (kipoza hewa ya tabo) ni ileile ya juu, nozo zake (zinazopulizia mafuta kwenye injini), pampu ya mafuta yake, kontrol boksi (kompyuta ya injini) haijaguswa na mtu.

Sasa tatizo: gia ya tatu nikikanyaga mpaka chini inavuta vizuri sana, ikifika kama rpm 5500 inakata ghafla kama mtu kazima swichi, kichwa kinaenda mbele, halafu inarudi yenyewe. Nikikanyaga nusu haikati. Geji ya busti (presha ya hewa ya tabo) inasoma baa 1.25 hapo inapokatia. Taa ya cheki injini haiwaki. Fundi wangu kasema moja kwa moja pampu imechoka, niweke Walbro 255 na nguvu itaongezeka maana injini itapata mafuta ya kutosha.

Nimezunguka Kariakoo, duka moja wananiambia Walbro 255 elfu 95, jingine laki tatu na nusu na wote wanaapa ni orijino. Lengo langu ni kufika 300, sio gari la mashindano, ni la kwenda kazini na wikiendi Bagamoyo. Maswali: hiyo pampu inatosha kwa 300? Inaingia bila kukatakata? Na kuna mtu kaniambia eti waya nazo zibadilishwe, ni kweli au ndo wanataka kunila hela?

Kipara wa Goba:
Weka Walbro 255 kaka usijiulize mara mbili, mi ninayo kwenye Forester na inapaa.

GX110_Grande:
Nimekaa hapa na kahawa. Na mimi nauliza, Mark II yangu 1G-FE nikiweka hiyo pampu itaongeza mbio?

Mzee wa Boksa:
GX110 hapana, 1G-FE haina tabo na pampu yake inatosha na inabaki. Utaongeza kelele kwenye tenki tu.

Macho_Duara tulia nikueleze, maana fundi wako kachanganya vitu viwili. Pampu haitoi nguvu. Nguvu inatoka kwenye hewa, tabo ndo inaleta hewa, mafuta yanafuata hewa. Pampu kazi yake ni kuhakikisha presha kwenye reli ya nozo haishuki wakati nozo zinadai. Kama presha haishuki na pampu yako ya zamani, ukiweka kubwa mara mbili gari itakuwa vilevile kabisa, hata hosipawa moja haiongezeki, kilichozidi kinarudi tenki kupitia regyuleta (kidhibiti presha ya mafuta).

Pili, hayo maelezo yako sio ya gari linalokosa mafuta. Pampu ikizidiwa gari linalegea, linavuta halafu linapoa pole pole, linasitasita, wakati mwingine unasikia kugonga, na ukiwa na sensa ya kupima hewa na mafuta unaona namba inapanda kutoka 11 kuelekea 12, 13 huku busti iko juu. Wewe unasema inakata kama mtu kazima swichi. Hiyo ni kontrol boksi inakata mafuta makusudi. Ina kikomo cha busti ndani yake, sensa ya presha ikisoma zaidi ya kikomo inazima nozo kuokoa injini, na mara nyingi taa haiwaki ndo maana hujaiona. Umefunga tabo kubwa na downpaipu pana, moshi unatoka kwa urahisi, busti inapitiliza, halafu kompyuta bado inadhani iko na TD04. Baa 1.25 hiyo gari haikuandikiwa. Kila ikikata mshukuru Mjapani.

Macho_Duara:
Duh. Kwa hiyo pampu nisinunue?

Mzee wa Boksa:
Sijasema usinunue, nasema usinunue kwa sababu hiyo. Ngoja nikupigie hesabu halafu utaona pampu inakaa wapi kwenye foleni.

Injini ya tabo ya petroli ikikanyagwa yote inakula karibu gramu 250 za mafuta kwa kila hosipawa kwa saa, ikitunwa (kompyuta ikipangwa upya) kwa usalama inapanda mpaka 270 hivi. Chukua 250. Farasi 300 mara gramu 250 ni kilo 75 kwa saa. Petroli lita moja ina uzito wa karibu kilo 0.75, kwa hiyo ni lita 100 kwa saa. Utasema mbona Walbro imeandikwa 255, si inabaki kubao? Hiyo 255 ni lita kwa saa kwenye presha ndogo ya baa 3 hivi na volti 13.5. Regyuleta ya Subaru ina kampira kanakotoka kwenye manifoldi, presha ya mafuta inapanda sawa na busti, baa kwa baa. Ukiwa na msingi wa baa 3 na busti 1.2 pampu inasukuma dhidi ya baa 4.2. Presha ikipanda pampu yoyote inatoa kidogo, volti ikishuka inatoa kidogo zaidi. Hata hivyo 255 halisi kwa farasi 300 inatosha na chenji inabaki.

Sasa rudi kwenye nozo. Lita 100 kwa saa gawa kwa nozo nne, kila nozo lita 25 kwa saa, ni kama sisi (cc) 417 kwa dakika ikiwa imefunguka muda wote bila kupumua. Hutaki ifike huko, unataka iishie asilimia 85. Kwa hiyo unahitaji nozo ya sisi 490 kwenda juu, watu wengi wanaweka 550 au 565. Za kiwandani kwa WRX nyingi za wakati huo ni sisi 420 hivi. Piga hesabu kinyume, 420 kwa asilimia 85 unapata farasi kama 257 tu. Umeona? Nozo zinaisha kabla ya pampu, na kikomo cha busti kinakuja kabla ya zote mbili.

Dada Gia:
Mzee kamaliza, ila naongeza kitu, usije ukadanganywa kuondoa hiko kikomo kwa vale ndogo ya kuibia presha kwenye mpira wa sensa ili kompyuta isione. Wapo wanaouza hizo vitu na wanaziita dawa. Kaka yangu ilimtokea kwenye Legacy, gari lilipaa wiki mbili watu wakashangilia, halafu pistoni ya nyuma ikapasuka pale kati ya ringi. EJ ndo ugonjwa wake, ikikosa mafuta kwenye busti inagonga na ringi landi zinavunjika. Na ramani za Mjapani ziliandikwa kwa petroli ya kwao ya haioku yenye oktani karibu 100, ya sheli zetu haifiki, kwa hiyo hata bila kuongeza chochote tayari uko pembeni kidogo.

Fundi Volti:
Salaam. Mimi ni fundi umeme, hiyo habari ya waya usiicheke. Kwenye hizi bodi za GD kama yako nyingi kuna kiboksi cha kuendesha pampu kiko huko nyuma, hakiipi pampu umeme wote muda wote. Ukiwa sailensa (gari limewashwa hujakanyaga) kinaipa theluthi moja, ukitembea kawaida theluthi mbili, ukikanyaga ndo inapata wote. Mjapani kafanya hivyo pampu isipige kelele, isichemshe mafuta na isichoke bure. Gari lako limeshapita miaka 20, waya ni nyembamba, soketi zimeshika kutu hasa kwa sisi tunaokaa karibu na chumvi, ardhi imelegea. Nimeshapima magari alteneta inatoa 14.1 kwenye pampu inafika 11.8. Hata pampu mpya ya bei mbaya kwenye volti 11.8 haitoi mafuta kama kwenye 13.5, na hiyo pampu mpya inakula ampea nyingi zaidi kwa hiyo volti inashuka zaidi.

Kupima ni rahisi, mita yako weka kwenye soketi ya pampu yenyewe sio kwenye betri, mtu akanyage barabarani wewe uko kiti cha nyuma unasoma. Ikishuka chini ya 13 huku alteneta iko sawa hapo ndo tunavuta waya mpya kutoka betri, waya mnene, fyuzi ya ampea 20 karibu na betri kabisa, rilei nzuri, na ule waya wa zamani unabaki kazi yake ni kuamsha rilei tu. Ardhi nayo mpya kwenye bodi iliyokwanguliwa rangi.

Ila angalizo, ukiipa pampu kubwa umeme wote muda wote ukiwa foleni ya Mwenge, mafuta yanazunguka tenki na injini bila kutumika yanachemka, na regyuleta ya kiwandani inaweza kushindwa kurudisha yote, presha sailensa inapanda juu ya inavyotakiwa na gari linanuka mafuta. Kwa 255 mi napenda kibaki kile kiboksi kama ni kizima, naongeza waya mnene tu kwenye njia yake. Kwa mapampu makubwa ya 400 na kuendelea hapo ni mambo mengine.

turboKE:
Niaje wazee, niko Nairobi. Hii kitu ya pampu feki ni mbaya sana hata huku, Kirinyaga Road utapata boksi iko poa kuliko ya orijino lakini ndani ni takataka. Bei ya Walbro ya ukweli kule Marekani ni dola mia na kitu kabla ya kusafirisha, so ukiambiwa elfu 95 za Tanzania jiulize hiyo hesabu inatoka wapi. Feki itawasha gari, itaendesha gari, sailensa iko sawa kabisa, itakuangusha tu pale juu kwa busti na hapo ndio hutaki ikuangushe. Kama huwezi kuhakikisha ni ya kweli angalia DeatschWerks DW65C, imetengenezwa ikae kwa Subaru, inatoa 265, inaingia bila stori nyingi.

Na kitu moja mafundi wengi hawajui, ule mpira mfupi ndani ya tenki unaounganisha pampu na bracketi. Ukiweka mpira wa kawaida wa mafuta utavimba, maana ule umetengenezwa mafuta yapite ndani, sio ulale ndani ya mafuta nje na ndani. Kuna mpira wa kuzamishwa, imeandikwa 30R10 kwa ubavu. Usipoona hiyo namba usinunue. Ukishavimba klipu inateleza, mafuta yanavuja ndani ya tenki kwenyewe, huoni tone hata moja chini, lakini presha imeenda. Watu wanabadilisha pampu tatu wakitafuta shida ni mpira.

Halafu wewe kabla ya kununua chochote pata laptop na kebo ya Tactrix ya kuunganisha na kompyuta ya gari, pakua programu ya RomRaider, ni ya bure, urekodi. Angalia milisekunde za nozo (muda inakaa wazi kila inapopuliza) na rpm. Hesabu ni rpm mara milisekunde gawanya kwa 1200, unapata asilimia. Ukipita 85 nozo zimekwisha.

Kipara wa Goba:
Kwani wazee mbona mnamtisha kijana, weka 450 kabisa umalize, leo 300 kesho atataka 400.

Mzee wa Boksa:
Kipara, 450 watu wanaiweka kwa sababu ya E85, mafuta yenye ethanoli hadi asilimia 85, na ethanoli inataka mafuta mengi kama theluthi zaidi kwa nguvu ileile. Sheli ipi ya Dar inauza E85? Kwa petroli na farasi 300 unaenda kurudisha tenki mafuta zaidi ya unayochoma, inakula umeme karibu mara mbili ya 255, waya za kiwandani haziwezi, regyuleta haiwezi. Sufuria ya harusi kwa wali wa watu wawili.

Macho_Duara:
Wakuu nimerudi. Nimefanya mlivyosema. Jamaa mmoja kaniazima geji ya presha ya mafuta, tumefunga na T baada ya filta, tukaibandika kwa gundi ya karatasi nje ya kioo cha mbele, fundi kanikataza kabisa kuingiza ule mpira ndani ya gari. Sailensa nikichomoa kampira ka regyuleta inasoma psi 43, nikirudisha inashuka 34. Barabarani gia ya tatu inapanda pamoja na busti, kwenye baa 1.2 ilikuwa psi 60 na haikutikisika, halafu pap ikakata. Sindano haikushuka kabla ya kukata.

Kebo nimepata pia. Rpm 5600 milisekunde 20. Nikapiga hesabu nikapata 93. Volti kwenye pampu sijapima bado.

Mzee wa Boksa:
Psi 43 ni zile baa 3 za msingi, baa 1.2 ni kama psi 17 na nusu, jumla psi 60 na ushee. Umepata palepale panapotakiwa. Pampu yako ya zamani nzima, imefanya kazi yake mpaka sekunde ya mwisho. Nozo asilimia 93, zimekwisha. Na kukata ni kompyuta. Swali limejijibu, na mwambie fundi wako kwa heshima, kupima kunachukua nusu saa tu.

Sasa mpango. Kwanza shusha busti leo hii, ikae chini ya hapo inapokata, usiendelee kuigongesha huko juu na nozo asilimia 93. Pili tafuta nozo za 550 au 565, lakini hakikisha aina, kuna zinazolishwa kutoka juu na zinazolishwa kutoka ubavuni, hazibadilishani kwenye manifoldi moja, chomoa moja yako uende nayo dukani. Used zisafishwe na zipimwe zote nne zitoe sawa. Tatu pampu, na hapa nakubaliana na kila mtu kwamba ibadilishwe, ila kwa sababu tofauti na ya fundi wako. Ina miaka 20 na ushee, leo inashika psi 60 kwa milisekunde 20 za nozo ndogo, kesho utaidai zaidi. Hujui itasimama wapi na hutaki kujua ukiwa rpm 6000. Nne ndo kutuni, na pasipo sensa ya waidibendi (ile ya kupima hewa na mafuta) asikuguse mtu. Nozo kubwa bila kutuni usiendeshe hata kwenda dukani, kontrol boksi itadhani bado ni zile ndogo na gari litazama kwenye mafuta.

Dada Gia:
Na plagi weka zenye joto pungufu kwa daraja moja. Na jamani oili. VF30 used, umejuaje haina mchezo kwenye shafti?

Macho_Duara:
Nimeitikisa kwa mkono iko vizuri dada, pia ule mrija wa oili wenye kachujio nimeusafisha. Mzee asante sana. turboKE ile DW65C nimeiagiza, inakuja na mtu. Swali la mwisho, kuifunga kuna mtego gani? Naona video wanatoa kiti cha nyuma tu.

turboKE:
Kiti cha nyuma unatoa, upande wa kulia kuna kifuniko cha bati, chini yake ndio ile sahani ya pampu ina nati nane ndogo za spana namba 8. Zifungue kwa kuzunguka, kidogo kidogo, stadi zake ni laini zinakatika. Mtego mkubwa ni mirija. Tenki ya Subaru iko kama tandiko, shafti inapita katikati, kwa hiyo ina pande mbili na pampu iko upande mmoja. Mafuta yanayorudi kutoka injini ndiyo yanavuta yale ya upande wa pili kuja kwa pampu. Ukichanganya mirija ya kurudi ama usiposukuma mpaka iingie, geji itasema nusu tenki na gari imekauka barabarani. Weka alama kabla ya kuchomoa, piga picha.

GX110_Grande:
Mmenifanya nitamani Subaru na mke hataki hata kusikia hilo jina.

Fundi Volti:
Macho_Duara ukiwa tayari niandikie pembeni tupime hizo volti siku hiyohiyo ya kufunga. Njoo na tenki chini ya nusu, ila isiwe imekauka kabisa, pampu inapozwa na petroli iliyoizunguka, ndo maana wanaotembea na taa ya mafuta imewaka kila siku wanaua pampu. Ukishafika hapa chomoa fyuzi ya pampu, washa gari mpaka lizime lenyewe, presha itoke. Halafu tutatoa hasi ya betri kabla ya kugusa pampu. Fanya kazi nje, sio kwenye gereji iliyofungwa, na simu zikae mbali, na yule rafiki yako wa sigara abaki nyumbani.

Macho_Duara:
Sawa mkuu, Jumamosi. Nije na nini kingine?

Fundi Volti:
Mpira wa 30R10, klipu mpya mbili zile za skrubu sio za kubana, soksi mpya ya pampu (kile kichujio cha chini yake), na gasketi ya ile sahani. Ya zamani ikishatoka imevimba hairudi kwenye matundu yake, na ukilazimisha gari zima litanuka petroli mpaka Bagamoyo.